Nilitia tiki kwamba nimemwona mama mkwe wangu. Sikumwona

Wakuu, heshima yenu. Wakubwa shikamooni, vijana mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji wa siku nyingi. Nasoma vituko vyenu, nacheka, naondoka. Leo nina la kwangu na nitalisema lilivyo. Sijatia chumvi. Zipo sehemu natamani zingekuwa chai, uongo wa kutunga, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Majina ya watu nimeyapunguza, na mradi siutaji. Msinisumbue inbox kwa hilo.

Twende taratibu.

Ilikuwa enzi za ruksa, wa rika langu mnanielewa. Mitumba imeingia, kila mwenye kibanda anauza, na huku serikali inapunguza wafanyakazi. Mimi nina cheti cha form four, nina mke, nina mtoto mmoja wa kike anaitwa Neema, na ajira sina. Nalima uwele na alizeti kijijini kwetu, si mbali na Issuna, mkoa wa Singida.

Ndipo ukaja mradi wa utafiti wa dawa ya macho.

Kwa wasioujua ule ugonjwa, kwetu tunaita vikope. Kope zinageukia ndani, zinakwaruza jicho, mwisho mtu anapofuka. Kina mama wengi walikuwa wanatembea na kibanio kwenye pindo la kanga, wakikaa kupumzika wanang'oana kope. Sasa wataalamu walikuwa wanajaribu vidonge vya kumeza badala ya ile dawa ya kupaka. Wanatafuta watu wa kujitolea, wanawapa vidonge mara moja kwa wiki, wanawafuatilia.

Wakaajiri watu wa hapohapo wa kupita nyumba kwa nyumba. Nikapata. Nikapewa baiskeli mpya, koti la mvua na ubao wa kubania fomu. Nisiwafiche, nilivimba kichwa. Nilikuwa napita senta na baiskeli hata siku ambayo sina safari.

Kiongozi wetu alikuwa daktari mwanamke, mfupi, mkali, tulimwita Dokta tu. Alikuwa na sheria nyingi, ila mbili alizirudia kila Jumatatu. Kwanza, anayejitolea ajitolee kwa hiari yake, na awe na uwezo wa kukataa. Pili, usihudumie nyumba ya ndugu yako.

Nilizivunja zote mbili kwa mtu mmoja.

Kila mmoja wetu alipewa idadi ya washiriki wa kutafuta. Mimi nikapungukiwa mmoja. Mama mkwe wangu alikuwa mjane, anaishi peke yake kwenye nyumba ya tembe ng'ambo ya korongo, na macho yanamsumbua kweli. Nikamtuma mke wangu, Mama Neema, akazungumze naye.

Jibu likaja siku hiyohiyo: "Kama ni Baba Neema amesema, mimi nitakataa vipi?"

Nilifurahi wakuu. Leo nikiikumbuka hiyo sentensi naona wazi kwamba yule mama hakukubali utafiti, alimkubalia mkwe wake. Kwetu mkwe hukatai neno lake.

Dokta sikumwambia kama ni mama mkwe. Ukoo tofauti, jina tofauti, angejuaje?

Aliyejua ni Salome, mwenzangu wa eneo la jirani, mtoto wa palepale. Akaniambia, "Kaka, hiyo nyumba nipe mimi, nikupe moja ya kwangu." Nikamwambia asinifundishe kazi. Ukweli ni kwamba kubadilishana kulitaka ruhusa ya Dokta, na Dokta angeuliza sababu.

Sasa nyie mnaopiga selfie na mama wakwe zenu, hapa mtulie mnisikilize, maana bila hili hamtaelewa kitu.

Kwetu sisi enzi zile, mimi na mama mkwe hatutazamani usoni. Nikimwona njiani nachepuka, naye anavuta kanga kichwani anageukia pembeni. Nyumbani mwake siingii. Tukiongea, yeye yuko ndani mimi niko nje, ukuta katikati. Na hapo hakuna ugomvi wowote, ndiyo heshima yenyewe. Nilikuwa nimemuoa binti yake mwaka wa nne na sura ya mama yake nilikuwa siijui sawasawa.

Miezi ya mwanzo haikuwa shida. Macho yake yalipimwa zahanati na watu wa Dokta. Mimi kazi yangu ilikuwa kupeleka vidonge kila Jumatano. Nafika uani, napiga hodi, nasalimia, naviacha juu ya jiwe la kusagia pale mlangoni, naondoka. Nikishapanda baiskeli nasikia mlango unafunguliwa.

Kuna kitu kingine nilikifanya mwanzoni. Siku ya kuwaelimisha washiriki, kina mama waliuliza kama dawa ina madhara. Dokta alikuwa anaongea na mwenyekiti wa kijiji, mimi nikarukia kujibu: "Tumbo likikoroga kidogo msishtuke, hiyo ni dawa inafanya kazi." Wakacheka, wakanipenda. Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma kabisa, kajifunika. Alisikia.

Halafu kikaja kipindupindu.

Kilikuwa kinazunguka dunia, redio inakitaja kila taarifa ya habari, mara nchi hii, mara nchi ile. Sisi tukaona ni mambo ya watu wa bandarini. Mvua zikaanza, vile visima vyetu vya kuchimba kwenye mchanga wa korongo vikajaa maji machafu, na haikupita wiki kikawa kwetu. Shule ikafungwa, madarasa mawili yakafanywa kambi, vitanda vikatobolewa katikati ili wagonjwa waharishie kwenye ndoo. Misiba watu wanazika upesi bila tanga. Kupeana mikono kukakoma.

Dokta akatuita kikao pale nje ya zahanati. Sikumsikia akipandisha sauti siku ile, ndiyo maana nakumbuka.

Akasema washiriki wasije tena kukusanyika zahanati, wasije wakaambukizana kwa ajili yetu. Sisi ndio tutawafuata, kila baada ya siku moja. Na kidonge hapewi mtu mpaka uwe umehakikisha ni mzima, kwa sababu vidonge vyetu vinaweza kuharisha kidogo na kipindupindu kinaharisha, mtu atachanganya.

"Hawa watu wametukabidhi miili yao," akasema. "Anayeharisha, hata mara moja, msimpe kidonge. Mpeni maji ya chumvi na sukari hapohapo, aletwe kambini. Msianze kubahatisha kama ni dawa au ni ugonjwa. Hiyo ni kazi yangu."

Akagawa fomu mpya. Umemwona mshiriki kwa macho yako? Macho yamezama? Ukiifinya ngozi ya mkono inarudi? Choo tangu ulipomwacha, mara ngapi na cha namna gani?

Wakuu, hebu soma tena hiyo fomu, halafu weka mama mkwe hapo. Nimfinye ngozi. Nimuulize habari za choo.

Salome alikuwa ananitazama muda wote. Kikao kilipoisha akanifuata kwenye baiskeli. "Bado hutaki kunipa?"

Nikamwambia nitajua mwenyewe.

"Haya kaka," akasema, akaondoka.

Jumatatu nikaenda. Niliendesha njia nzima nikipanga maneno. Nilipofika uani maneno yote yakaisha. Nikapiga hodi, nikasema shikamoo. Akajibu marahaba kutoka ndani.

"Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka vizuri, Baba Neema."

Basi. Nikaenda mbele kidogo, nikaegesha baiskeli, nikajaza fomu. Nimemwona, tiki. Macho, kawaida. Ngozi, inarudi. Choo, kawaida. Nilijiambia sauti yake nimeisikia ni nzima, tofauti iko wapi?

Jioni Mama Neema akaniuliza hali ya mama yake. Alikuwa anataka kwenda, ila tulikuwa tumetangaziwa watu wasitembeleane ovyo, na yeye ananyonyesha. Nikamwambia mama mzima, nimemwona.

Akashangaa. "Umemwona kabisa?"

Nikasema kazi ni kazi, Dokta ametulazimisha. Akapumua. Akasema basi kama umemwona sina wasiwasi, nitakaa.

Hapo ndipo napaona pabaya kuliko kwenye fomu. Kwenye fomu nilimdanganya Dokta. Hapa nilimzuia binti asiende kwa mama yake.

Jumatano, siku ya vidonge, nikaenda tena. Saa tatu asubuhi, jua limeshapanda. Jikoni hakuna moshi. Na kuku wake walikuwa bado hawajafunguliwa, wanalia humo bandani. Mwanamke wa kwetu hawezi kuacha kuku mpaka saa tatu. Mimi nimezaliwa kwenye kuku, nalijua hilo.

Nikapiga hodi. Kimya. Nikarudia. Ikatoka sauti ndogo, "Karibu."

Shikamoo. Marahaba.

"Hamjambo humo?"

Akachelewa. Halafu akasema, "Hatujambo."

Nilisimama pale. Kutoka niliposimama hadi mlangoni ni hatua sita, nimeshazihesabu mara nyingi baadaye. Nikamfungulia kuku, nikaona hapo nimefanya wema. Nikaweka vidonge juu ya jiwe la kusagia. Nikaondoka.

Na fomu nikaijaza. Nimemwona, tiki.

Siku ya pili, Alhamisi asubuhi, Mama Neema akaamka hana raha. Akambeba mtoto mgongoni, akasema naenda kumwona mama toka uani tu, narudi. Mimi nikaenda zahanati kupeleka fomu.

Nilikuwa bado nampangia Dokta karatasi mezani nikasikia mke wangu ananiita kutoka barabarani. Alikuwa amekimbia njia nzima, mtoto analia mgongoni.

"Mama yuko chini," akasema. "Hawezi hata kuinua kichwa. Na wewe jana si ulimwona?"

Dokta alikuwa mlangoni amesikia yote, ila hakujua kuwa ni mama yake mzazi, maana mke wangu alisema "mama" tu, na kwetu kila mtu mzima wa kike ni mama.

Salome ndiye aliyepanda gari na Dokta. Mimi nikafuata na baiskeli. Nilipofika walishamtoa, wamemlaza nyuma ya gari amefunikwa shuka. Nikageuka pembeni. Hata pale wakuu, hata pale niligeuka pembeni kwa heshima.

Salome alipita karibu yangu kashika vile vidonge vya Jumatano. Alivikuta mkononi mwa yule mama. Alikuwa ametambaa mpaka mlangoni kuvichukua. Kimoja alikuwa ameshakimeza.

Kambini wakamtundikia dripu, ya kwanza, ya pili, sikumbuki ziliishia ngapi. Alikuwa ameharisha tangu Jumanne. Alikuwa anakunywa uji mwepesi wa uwele akingoja dawa imalize kazi yake. Nilikaa nje ya darasa nikimwomba Mungu kwa maneno ya ovyo. Sikuwa namwombea yeye peke yake. Nilikuwa naomba pia Dokta asifungue faili. Nasema ukweli kwa sababu niliahidi.

Ijumaa mchana akaweza kuongea. Walikuwa wametundika kitenge kati ya kitanda na kitanda. Dokta akaingia na fomu zangu mkononi, akaniita. Nikasimama upande wa pili wa kitenge.

"Mama," Dokta akasema, "fomu ya Jumatano inasema umeonekana, choo kawaida, ngozi inarudi. Alhamisi tunakukuta hivi. Niambie ukweli. Huyu bwana alikuona?"



"Aliniona, daktari," mama mkwe akasema. Sauti haikuwa na nguvu lakini haikusita. "Mimi ndiye niliyemficha. Nilidhani ni dawa."

Dokta akaanza kumgombeza, kwa upole lakini kumgombeza. Mama ungesema. Mama, mficha maradhi kilio humfichua. Mama tunakuja kwenu ili mseme. Na yule mama mgonjwa, ana sindano mkononi, anajibu, "Nisamehe daktari, nimekosa."

Mimi nimesimama nyuma ya kitenge, mzima, nina koti la mradi. Kulikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, "mimi," na nikaiacha ipite.

Jumatatu kwenye kikao Dokta akatuambia washiriki wanaficha dalili, kwa hiyo vidonge vinasimama kwa wote mpaka ugonjwa uishe, na kuanzia sasa mtakwenda wawiliwawili. Uamuzi ulikuwa mzuri, uliokoa watu. Lakini kina mama wa kijiji kizima waliandikwa kwamba wanaficha ugonjwa, na hakuna aliyeficha zaidi yangu. Salome aliinamisha kichwa akachora kwenye daftari lake. Hakunisema. Ila hakuniita kaka tena.

Mama mkwe alipona. Alirudi nyumbani amekonda.

Wiki kadhaa baadaye tukaenda kumsalimia. Mama Neema akatoka kuokota kuni, mimi nimekaa uani kwenye kigoda, nimeelekea korongoni kama desturi. Nikasikia mlango. Nikajua yuko kizingitini, nyuma yangu. Nikasimama niondoke.

"Kaa," akasema.

Nikakaa.

"Baba Neema, nilimwambia daktari uliniona. Mimi si mtu wa kusema uongo. Sasa geuka uniangalie, ili lile neno langu liwe kweli."

Wakuu, aliivunja heshima yake mwenyewe, mwanamke wa umri ule, ili anitoe mimi kwenye aibu. Na yeye atoke kwenye uongo niliomwingiza.

Niligeuka. Nikaona miguu yake, imepasuka visigino, miembamba sana. Zaidi ya hapo macho yakakataa kupanda. Nilijaribu. Aliniachia muda, sijui dakika ngapi.

Mwisho akasema, "Haya. Kuna mlenda jikoni, mwambie mwenzio awaandalie mle." Akaingia ndani.

Hatukulizungumza tena. Miaka imepita mingi. Mradi ulifungwa, mimi nikapata kazi nyingine, watoto wakakua. Wakati wa korona nikasikia watu wanabishana habari za majaribio ya chanjo, nani analindwa na nani hajalindwa, nikawa nazima redio. Nyumbani walidhani naogopa ugonjwa.

Mwezi uliopita tumemzika. Uzee tu, alilala hakuamka. Kwenye kuaga, wakwe tulisimama mbali kama ilivyo desturi. Mimi nikatoka kwenye mstari nikaenda hadi kwenye jeneza. Wazee walinitazama vibaya, nikawaacha wanitazame.

Nikamwangalia usoni kwa mara ya kwanza. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi. Na kidevu ni cha Neema, kilekile. Miaka yote nilikuwa najiuliza huyu mtoto kidevu amekitoa wapi.

Nililia wakuu, mpaka watu wakasema huyu mkwe alikuwa na mapenzi.

Somo langu ni dogo. Vijana mnaofanya kazi za utafiti, za afya, hata za sensa, ile fomu si karatasi. Upande wa pili kuna mtu ameambiwa kwamba kuna anayemwangalia. Kama kuna nyumba huwezi kuingia, kwa mila, kwa woga, kwa lolote, sema mapema apewe mwingine. Salome alikuwa tayari. Ilikuwa sentensi moja tu. Na heshima nimejifunza ina mahali pake, ila ikikuzuia kujua kama mtu anakufa, hapo inakuwa inakulinda wewe tu.

Uzi huu nimemsomea Mama Neema kabla sijaupandisha. Nilisoma mpaka mwisho bila kumtazama. Aliendelea kuchambua mchele. Halafu akasema, "Mama aliniambia tangu ile wiki aliyotoka kambini. Nilikuwa nakungoja wewe."

Nimejaribu kuhesabu amenisubiri miaka mingapi, nikaacha.

Haya, uwanja ni wenu. Mwenye tiki yake kama yangu aiweke hapa, labda tutapumua pamoja. Na wenye kunisema mseme, nitasoma yote.